Utatuzi wa Matatizo ya Upakiaji: Dalili Zinazomtia Mwenye Malori katika Dhima

Lori linapozuiliwa kwenye mizani ya Vigwaza au Mariakani kwa uzito uliozidi, shehena inapofika Lubumbashi ikiwa pungufu, au tela linapolala ubavu kwenye kona za Kitonga, mtu wa kwanza kuulizwa huwa ni dereva. Mara nyingi swali hilo limechelewa, kwa sababu sehemu kubwa ya madai yanayomfikia mwenye malori huanzia ghalani, bandarini au mgodini, saa chache kabla ya dereva kuwasha injini, na yale yanayoonekana barabarani ni matokeo tu. Mwongozo huu unafuata njia ya kurudi nyuma: unaanza na dalili inayoonekana, unatafuta vyanzo vyake katika namna mzigo ulivyopokelewa, ulivyopangwa, ulivyofungwa na ulivyokabidhiwa, kisha unaonyesha kila chanzo kinamhamishia nani dhima. Umeandikwa kwa kuzingatia zaidi malori yanayotoka Dar es Salaam kwenda Tunduma na Kongo, na yale ya Mombasa yanayopitia Malaba.

Kwanza ni vyema kueleza kwa nini upakiaji una uzito wa pekee kisheria. Katika Tanzania na Kenya, ambako misingi mingi ya sheria za uchukuzi ilirithiwa kutoka Uingereza, mbebaji wa umma, yaani yule anayejitangaza kubeba mizigo ya yeyote anayelipa nauli, huwajibika kwa upotevu na uharibifu wa mzigo hata pasipo kuthibitishwa kwamba alizembea. Hujinasua tu akionyesha kwamba chanzo kilikuwa tendo la Mungu, maadui wa dola, kasoro ya asili ya bidhaa yenyewe, au kosa la mwenye mzigo. Mbebaji mwingine, anayechagua wateja wake kwa mkataba, hupimwa kwa uangalifu unaotarajiwa kwa mtu aliyekabidhiwa mali ya mwenzake, na kwa Tanzania jambo hilo limo katika Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Kwa mwenye malori, utetezi wa tendo la Mungu haumsaidii mara nyingi. Utetezi wenye manufaa ni ule wa kasoro ya bidhaa na ule wa kosa la mwenye mzigo, na wote wawili huthibitishwa kwa kumbukumbu zilizoandikwa wakati wa kupakia, au hauthibitishwi kabisa.

Dalili: Uzito wa jumla uko ndani ya kikomo, lakini mizani inakataa ekseli

Hii ndiyo dalili inayowachanganya wengi, hasa wenye malori wapya wanaoamini kwamba kazi ya mizani ni kupima jumla peke yake. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza mwaka 2019, inaweka kikomo cha jumla cha tani 56 kwa magari yenye ekseli saba, yaani mihimili saba ya magurudumu, lakini pia inaweka kikomo kwa kila kundi la ekseli: tani 8 kwa ekseli ya usukani, tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne, tani 18 kwa ekseli mbili zilizofuatana na tani 24 kwa ekseli tatu. Semi ya kawaida yenye ekseli sita inaishia kwenye tani 50 kwa sababu hiyo hiyo, yaani 8 na 18 na 24.

Chanzo cha kwanza cha kuchunguza ni mahali kitovu cha uzito kilipoangukia. Chukua tela ambalo umbali kutoka pini ya kuunganishia hadi katikati ya ekseli zake tatu ni mita 7.5, likiwa na mzigo wa tani 30. Ukiusogeza mzigo huo mbele kwa sentimita 60 tu, tani 2.4 zinahama kutoka ekseli za tela na kuhamia kwenye kichwa, na sehemu kubwa ya tani hizo inaangukia ekseli za kuvutia, yaani zile za kichwa zinazozungushwa na injini. Sentimita 60 ni nusu ya urefu wa paleti. Hakuna mpakiaji anayeona tofauti hiyo kwa macho, na fokolifti ikiwa na haraka huanza kusukuma kila kitu hadi ukutani mwa mbele kwa sababu ndivyo inavyokuwa rahisi.

Chanzo cha pili kimo katika lori lenyewe. Springi zilizolegea, bushi zilizolika au upepo wa matairi usiolingana hufanya ekseli moja kati ya tatu ibebe zaidi ya wenzake, na hapo hata upangaji mzuri hautasaidia. Dalili yake ni kwamba tela lile lile linakataliwa mara kwa mara kwa mizigo tofauti, wakati matela mengine ya kampuni hiyo yanapita. Chanzo cha tatu husahaulika: matangi ya dizeli. Lita 800 zina uzito unaozidi kilo 650, na dereva anayejaza matangi yote baada ya kupima ghalani hubadilisha hesabu ya ekseli za mbele kabla hajafika barabara kuu.

Ufumbuzi kwa shehena ya wazi ni kupanga upya, na mara nyingi huwezekana palepale. Kwa kontena la mizigo inayopita nchini kwenda nje, hali ni nyingine kabisa, kwa kuwa sili ya forodha, yaani kifungio chenye namba kinachowekwa mlangoni, haikatwi na dereva wala utingo, na kuikata bila afisa wa forodha ni kosa jipya lililo kubwa kuliko lile la uzito. Kinachobaki ni kulisogeza kontena zima juu ya tela, iwapo tela lina nafasi nyingine za tuisti-loki (vifungio vinavyoshika pembe za kontena), au kurudi lilikotoka. Ndiyo maana ninaona kwamba kampuni inayobeba makontena ya futi 20 yenye mzigo mzito haina budi kuwa na matela yanayoruhusu kontena kukaa katikati. Tela linalolazimisha kontena kukaa mwisho wa nyuma au mbele kabisa ni rahisi wakati wa kununua, na ni ghali kila baada ya hapo.

Dalili: Hati zinasema tani 27, mizani inasema tani 31

Kabla ya kumtuhumu mtu, angalia uzito gani umeandikwa. Ankara na orodha ya vifurushi mara nyingi hutaja uzito wa bidhaa bila vifungashio, na hakuna hata mmoja kati yake unaotaja kontena tupu, ambalo kwa futi 20 huwa na zaidi ya tani 2 na kwa futi 40 hukaribia tani 4. Tangu tarehe 1 Julai 2016, kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Majini zinataka kila kontena lililojazwa liwe na uzito wa jumla uliothibitishwa kabla ya kupakiwa melini. Kwa hiyo namba sahihi ya kontena lililoshushwa Dar es Salaam au Mombasa ipo, imeandikwa, na msafirishaji anayo haki ya kuiomba kwa wakala wa forodha kabla ya kukubali kazi. Wengi hawaiombi.

Kwa mazao hali ni ngumu zaidi kutokana na lumbesa. Gunia la viazi au vitunguu linaloitwa la kilo 100, lililoongezwa kilemba na kushonwa kwa kamba juu, linaweza kuzidi sana uzito huo, na anayezidisha idadi ya magunia kwa 100 anapata namba isiyo na maana. Lumbesa inapigwa marufuku na sheria ya vipimo, na Wakala wa Vipimo huifuatilia, lakini kwa msafirishaji jambo la msingi ni kwamba faini ya uzito wa barabarani itaandikwa kwa jina la gari lake, si la dalali aliyejaza magunia shambani. Pima magunia machache kwa nasibu, andika matokeo kwenye hati ya kupokelea mzigo, na mkataba useme wazi kwamba mwenye mzigo aliyetoa uzito wa uongo atamrudishia msafirishaji tozo, gharama za kushusha na siku zilizopotea. Bila kifungu hicho, kumdai baadaye ni kesi ya kuanza upya.

Chanzo cha mwisho hapa ni cha ndani ya nyumba: mzigo wa njiani. Magunia ya mkaa au mchele yanayoongezwa juu ya turubai baada ya mizani ya kwanza huonekana kwenye mizani ya pili. Zaidi ya uzito, mzigo huo haumo katika hati yoyote, na tela likipata ajali ndilo jambo la kwanza mkaguzi wa bima atakaloliandika.

Dalili: Mzigo umehama, mikanda imelegea, turubai limevimba upande mmoja

Dereva anayepiga simu kutoka Mikumi akisema mzigo umeegemea upande ametoa taarifa ya thamani kubwa kuliko anavyojua, kwa sababu kuanzia dakika hiyo kampuni inajua. Kuendelea na safari baada ya kujua ni uzembe ambao hautakuwa na utetezi mbele ya hakimu, hata kama mzigo ulipakiwa na mtu mwingine. Sheria za barabarani, Sura ya 168 kwa Tanzania na Sura ya 403 kwa Kenya, zinamlenga anayeendesha na anayemiliki gari lenye mzigo wa hatari kwa wengine. Aliyepakia hukutwa baadaye, kwa njia ya mkataba au madai ya madhara. Lori lisimame mahali salama, na picha zipigwe kabla ya kugusa kitu chochote.

Kisha tafuta chanzo, na hapa inafaa kupiga hesabu, kwa kuwa imani ya kwamba mikanda mingi ndiyo usalama imeenea kuliko ukweli wake. Mwongozo wa upakiaji uliotolewa mwaka 2014 na mashirika matatu ya Umoja wa Mataifa, yale ya usafiri wa majini, ya kazi, na ya uchumi wa Ulaya, unataka shehena ya barabarani izuiwe isisogee mbele kwa nguvu sawa na asilimia 80 ya uzito wake, na nyuma na pembeni kwa asilimia 50. Kiwango cha Ulaya cha EN 12195-1 kinatumia vipimo hivyo hivyo. Sasa chukua tani 20 za mabamba ya shaba kutoka Kolwezi, yamelazwa juu ya sakafu ya chuma yenye msuguano wa 0.3, yaani unaozuia sehemu tatu kati ya kumi za uzito unaoikandamiza. Tunahitaji kuzuia tani 16. Msuguano wenyewe unazuia tani 6, na zinabaki 10.

Mkanda unaopitishwa juu ya mzigo hauzuii mzigo moja kwa moja. Kazi yake ni kuukandamiza chini ili msuguano uongezeke. Lebo ya mkanda ina namba mbili ambazo hazipaswi kuchanganywa. Ile ya LC inaonyesha nguvu ambayo mkanda unahimili ukivutwa, na ndiyo kubwa, ndiyo inayosomwa na wote. Ile ya STF inaonyesha mvuto unaopatikana kwa kukaza kwa mkono, na ndiyo inayohesabika kwa mkanda wa kupita juu. Ikiwa STF ni dekanyutoni 400 (dekanyutoni moja ni karibu sawa na uzito wa kilo moja), mkanda mmoja unakandamiza kwa takriban 800 ukijumlisha pande zote mbili, na kwa msuguano wa 0.3 unazuia kiasi cha kilo 245. Tani 10 zitahitaji mikanda 41, kabla hata ya kuongeza nyongeza ya usalama. Hakuna lori linalosafiri na mikanda 41.

Hesabu inazidi kuwa mbaya kwa shaba kwa sababu mabamba hulazwa kwa vimo vifupi, na mkanda unaopita juu ya kitu kifupi unalala karibu sawa na sakafu. Mkanda uliosimama wima hukandamiza kwa nguvu yake yote. Ule wenye pembe ya nyuzi 30 hukandamiza kwa nusu tu. Kwa hiyo lori lenye mikanda 10 iliyokazwa vizuri, inayopendeza machoni pa kila mtu langoni, linaweza kuwa halina kizuizi cha maana dereva atakapokanyaga breki kwa nguvu.

Ufumbuzi una njia tatu, na zote huchanganywa. Ya kwanza ni kuongeza msuguano: mkeka wa mpira chini ya mzigo hufikisha 0.6, na hapo msuguano pekee unazuia tani 12, zinabaki 4, na mikanda 9 iliyosimama wima inatosha. Ya pili ni kuzuia kwa kuegemeza, yaani mzigo uguse ukuta wa mbele, vigingi au mbao zilizopigwa sakafuni. Ya tatu ni kufunga moja kwa moja kwa minyororo inayovuta mzigo kinyume na mwelekeo unaotaka kwenda, na hapo ndipo namba ya LC inapopata maana. Tatizo hujitokeza pale njia ya pili inapogongana na kikomo cha ekseli tulichokieleza mwanzoni: shaba ikisukumwa hadi ukuta wa mbele, ekseli za kuvutia zinazidi; ikiachwa katikati, hakuna inachoegemea. Jibu ni fremu ya mbao au ya chuma inayojaza nafasi kati ya ukuta na mzigo, na ikiwa mgodi hauitoi, msafirishaji aitengeneze na aipandishe bei ya kazi. Ninajua wateja hulalamika. Walalamike mapema.

Mikanda iliyolegea njiani pasipo mzigo kuhama ni jambo jingine, na mara nyingi halina ubaya mkubwa: mizigo ya magunia hushuka kwa mtikisiko wa kilomita za mwanzo, na utaratibu wa kusimama na kukaza tena unatosha, mradi kila kusimama kuandikwe saa na mahali.

Dalili: Tela limelala ubavu, na dereva anasema hakuwa na mwendo mkubwa

Anaweza kuwa anasema kweli. Nguvu inayolisukuma lori nje ya kona huongezeka kwa mraba wa mwendo, hivi kwamba kutoka kilomita 40 hadi 50 kwa saa ni ongezeko la zaidi ya nusu. Lakini kiasi cha nguvu kinachotosha kulilaza hutegemea urefu wa kitovu cha uzito. Lori zito lililopakiwa juu hupinduka kwa nguvu ya pembeni isiyofika nusu ya uzito wake. Kwa hiyo kabla ya kusoma mwendo kwenye kifaa cha ufuatiliaji, uliza vitu vizito vilipangwa juu au chini, mzigo ulikuwa umejaa upande mmoja, na kontena lilikuwa limefungwa kwa tuisti-loki zote nne au lilikuwa limekaa tu. Kontena lisilofungwa hutengana na tela wakati tela linapoinama, na humwangukia mtu aliye kando. Madai ya kifo cha mpita njia hayapunguzwi na hoja kwamba mzigo haukuwa wa kampuni.

Kwa matangi ya mafuta, chunguza ujazo wa kila chemba. Chemba iliyojaa nusu ni hatari kuliko iliyojaa au iliyo tupu, kwa kuwa mafuta huhama upande wakati wa kona na kuendelea kusukuma baada ya usukani kunyooshwa. Hali hii hutokea dereva anaposhusha kwenye vituo viwili au vitatu bila mpangilio wa chemba zipi zimwagwe kwanza. Na kwa mafuta, ajali haiishii pale gari linapolala. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu mjini Morogoro, lori la mafuta lilipinduka na watu zaidi ya 100 wakafariki baada ya mafuta yaliyomwagika kushika moto. Miaka 10 kabla yake, Sachangwan nchini Kenya, tukio la aina hiyo hiyo lilikuwa na idadi ya vifo inayofanana. Mpango wa dharura wa kampuni unapaswa kumwambia dereva na utingo nini cha kufanya katika dakika za kwanza ili kuwaweka watu mbali na kuwaita polisi na zimamoto, kwa sababu swali la kama kampuni ilijitayarisha kwa hatari inayojulikana litaulizwa.

Dalili: Sili ni nzima, lakini mzigo umepungua

Mpokeaji huona pungufu na kumdai msafirishaji. Msafirishaji huonyesha sili nzima na kudai mzigo ulipungua tangu mwanzo. Anayeshinda ni yule mwenye karatasi. Dereva aliyetia saini kwamba amepokea mabamba 960, wakati alikuta kontena limekwisha kufungwa na hakuhesabu hata moja, amempa mwenye mzigo ushahidi dhidi ya mwajiri wake. Saini ya namna hiyo huchukuliwa kuwa ithibati ya awali ya idadi na hali ya mzigo, na kuipindua ni kazi kubwa. Dereva afundishwe kuandika maneno machache kabla ya kusaini: kwamba kontena lilikuwa limefungwa, idadi haikuhesabiwa mbele yake, na sili namba fulani ilikuwa nzima. Mwenye ghala akikataa maneno hayo, dereva apige simu ofisini kabla ya kuondoka.

Baada ya karatasi, kagua kontena. Sili yenye ubora wa kiwango cha ISO 17712 inaweza kuwa haijaguswa kabisa wakati mlango umefunguliwa kwa njia nyingine, kama vile kung'oa ribiti za mkono wa mlango na kuziweka mpya, kulegeza bawaba, au kukata bati la paa na kulibandika. Rangi mpya kwenye bolti, au bolti moja isiyofanana na wenzake, ni dalili inayostahili picha. Linganisha namba ya sili kwenye hati na iliyopo mlangoni, tarakimu kwa tarakimu, kila mpakani. Kisha fungua rekodi ya kifaa cha ufuatiliaji na utafute kusimama kusikoelezeka.

Kwa shehena inayopita nchini, pungufu lina deni la pili. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, bidhaa zinazopita husafirishwa chini ya dhamana, na zisipothibitika kutoka nje ya nchi, kodi zake hudaiwa kwa aliyeweka dhamana. Wakala wa forodha atakayedaiwa atamgeukia msafirishaji. Hivyo mzigo mmoja ulioibwa unaweza kulipwa mara mbili: thamani yake kwa mwenye mali na kodi yake kwa serikali.

Upungufu wa mafuta si lazima uwe wizi. Petroli hunywea kwa takriban asilimia 1 joto likishuka nyuzi 10, na tangi la lita 36,000 lililojazwa kwenye joto la Dar es Salaam na kupimwa alfajiri Njombe litaonekana limepoteza mamia ya lita. Kama mkataba hausemi kwamba kiasi kilinganishwe kwa nyuzi zile zile za rejea, dereva atakatwa mshahara kwa kosa la hali ya hewa.

Dalili: Mzigo umelowa, umeganda au unanuka

Hapa vyanzo ni vichache. Turubai lenye matundu na paa la kontena lililotoboka ni kosa la msafirishaji, na ukaguzi wake ni wa dakika mbili: mtu aingie ndani, milango ifungwe, atazame kama mwanga unapenya. Unyevu uliotoka kwenye bidhaa yenyewe, kwa mfano mahindi yaliyopakiwa kabla ya kukauka, ni kasoro ya bidhaa, lakini huo ni utetezi wa aliyepima unyevu na kuuandika. Harufu na madoa hutokana zaidi na safari iliyotangulia: tela lililopandisha salfa kwenda migodini haliwezi kurudi na nafaka kabla ya kuoshwa, na cheti cha kuoshwa kiwe na tarehe. Kemikali za viwandani zina masharti yake ya vibali chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na kuzichanganya na chakula ndani ya tela moja ni jambo lisilohitaji mjadala.

Dalili: Mtu ameumia wakati wa kupakia au kushusha

Uliza nani alimwajiri aliyeumia na nani alikuwa akitoa amri. Kibarua aliyeitwa na dereva getini na kulipwa na dereva taslimu ataonekana kuwa wa kampuni ya malori, hata kama ofisi haijawahi kusikia jina lake, na kwa Tanzania wajibu wa kampuni juu ya usalama wake utapimwa chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Mkataba ukisema kupakia ni kazi ya mwenye mzigo na kushusha ni kazi ya mpokeaji, dereva asiajiri mtu. Asipande pia juu ya mzigo kusaidia.

Dalili: Bima imekataa kulipa

Mwenye malori hugundua tofauti kati ya bima zake siku anayozihitaji. Bima ya lazima ya magari hushughulikia watu wengine walioumizwa au kuharibiwa mali, na kadi ya njano ya COMESA (soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika), ambayo Tanzania inashiriki ingawa si mwanachama wa COMESA, hupeleka kinga ya aina hiyo nje ya mipaka. Hakuna hata moja kati ya hizo inayolipia shehena iliyo juu ya tela. Shehena inahitaji bima yake ya mizigo iliyo safarini.

Ikiwa bima hiyo ipo na bado imekataa, soma vifungu vya kutolipa ukiwa na faili la upakiaji mkononi. Sababu za kawaida ni uzito uliozidi, vifungashio duni, gari lililoachwa bila mlinzi, upotevu usioelezeka, na mzigo wa aina au thamani isiyotajwa kwenye mkataba wa bima. Shaba inaweza kuvuka thamani ya juu ya safari moja bila mtu kutambua, kwa kuwa bei yake hupanda huku bima ikibaki ile ya mwaka jana. Angalia pia gari lilikuwa la nani: kazi iliyopokelewa na kampuni moja na kupewa lori la kukodi kupitia dalali hubaki dhima ya kampuni iliyoipokea, ilhali bima yake huenda inataja magari yake peke yake kwa namba za usajili.

Kabla ya kukata rufaa kwa bima, faili liwe na hati ya kupokelea yenye maneno ya dereva, risiti za mizani zote kwa mfuatano, picha za mzigo kabla ya kufunikwa zikiwa na saa, namba za sili, orodha ya mikanda na minyororo iliyotumika, kumbukumbu za kusimama, na taarifa ya polisi. Picha inayokosekana mara nyingi ni ile ya mzigo ukiwa umefungwa lakini turubai halijashushwa, kwa sababu wakati huo kila mtu getini anataka lori liondoke.

Arifa kwa kampuni ya bima na kwa mwenye mzigo zitumwe kwa maandishi siku ile ile ya tukio, zikieleza kilichoonekana bila kukiri wala kulaumu, na mabaki ya mzigo, mikanda na sili yasihamishwe kabla ya mkaguzi kufika, isipokuwa polisi wameamuru barabara ifunguliwe.